Nge Hachomozi Saa Mbili

Muuza mikate alikuwa anadanganya, na Fundi alijua. Mtu mwenye macho mabovu huzisoma herufi za ukutani kwa kubahatisha, anakunja uso, anarefusha shingo kama kobe. Huyu alizimwaga zote mpaka mstari wa chini kabisa, ule wa herufi ndogo kama chawa, bila hata kuvuta pumzi.

"Umezikariri," Fundi akamwambia.

"Umeniweka kwenye benchi nusu saa nzima. Nisipozikariri nifanye nini, nihesabu nzi?"

Fundi akacheka, akaugeuza ubao upande wa pili ambako alikuwa na herufi nyingine, akamvalisha ile fremu nzito ya kupimia na kuanza kumbadilishia vioo kimoja kimoja.

"Hiki au hiki?"

"Hicho cha kwanza. Halafu, hongera bwana."

"Hongera ya nini?"

"Ya shemeji yako! Redio imemtaja alfajiri, nikiwa natoa mikate kwenye tanuri. Eti mwalimu wa fizikia wa mji huu kagundua nyota ya mkia. Mpya kabisa, haijawahi kuonwa na mtu. Ameshawaandikia wakubwa wa mambo ya nyota huko kwao, wakiithibitisha inaitwa kwa jina lake. Jina la shemeji yako, mbinguni! Sisi wengine majina yetu yapo kwenye daftari la madeni tu. Sasa hicho cha pili kina ukungu, rudisha cha kwanza."

Fundi hakurudisha cha kwanza. Alibaki na kioo kati ya vidole viwili, mkono hewani, kama mtu aliyeitwa na sauti asiyojua imetoka wapi.

"Fundi?"

"Nakusikia."

"Hunisikii. Nimekwambia nina ukungu."

Akamalizia kumpima, akaandika namba, akamwambia aje Jumatatu. Mteja alipotoka, Fundi aligeuza kibao cha mlangoni upande wa "Tumefunga", ikiwa bado saa tatu asubuhi, jambo ambalo jirani yake wa duka la vitambaa hakuwahi kuliona kwa miaka kumi na minane.

Nyota ile ilikuwa yake. Na waliojua kwamba ipo, mbali na yeye mwenyewe, walikuwa watu wawili tu duniani: mkewe, na huyo mdogo wa mkewe, Mwalimu.

Fundi aliishia darasa la nne na nusu. Nusu hiyo huisema mwenyewe kwa kujitania, maana alitoka katikati ya mwaka. Mengine aliyajua kwa kuokoteza, hapa kwa bwana aliyemfundisha kukata vioo vya miwani, pale kwa kitabu kilichokosa jalada. Kimoja kati ya hivyo alikipata ndani ya furushi la magazeti ya kufungia bidhaa, yaliyouzwa kwa mzani. Kilikuwa cha Kiingereza, kinaeleza jinsi ya kuziwinda nyota za mkia. Alikisoma kwa miaka miwili, kamusi pembeni, kama mtu anayekula samaki mwenye miiba mingi.

Kwa kuwa vioo ndiyo kazi yake, alijisagia kioo cha darubini mwenyewe. Aliweka duara la kioo juu ya pipa, jingine juu yake, unga wa msasa katikati, akawa anazunguka pipa hilo kila jioni, anasukuma na kuvuta, anasukuma na kuvuta, miezi saba. Mkewe alisema hata punda wa kinu hupewa siku ya kupumzika. Bomba la kubebea kioo lilikuwa la plastiki, lile la maji machafu, jipya lakini. Shemeji mtu alipoliona mara ya kwanza aliuliza kama anatazama mbingu au choo. Walicheka mpaka machozi. Utani wao ulikuwa hivyo, tangu Mwalimu akiwa mtoto wa shule ya msingi na Fundi bwana harusi mpya. Miwani ya kwanza ya mtoto yule aliikata Fundi, na ya pili, na zote zilizofuata, na hakuwahi kumtoza hata senti moja.

Miaka kumi na moja Fundi alipanda paa la nyumba yake. Jioni akipata nafasi, alfajiri kila siku mbingu ikiwa wazi. Hakupata kitu. Hakulalamika pia, alizoea kutopata kama watu wengine wanavyozoea kutotajirika.

Kisha, Jumanne moja alfajiri, chini kidogo ya mkia wa Nge, lile kundi la nyota lenye umbo la mdudu huyo, akaona doa. Dogo, hafifu, kama pumzi ya mtu kwenye kioo cha miwani kabla hajakifuta. Kwenye ramani yake hapakuwa na kitu mahali pale. Akafuta kioo cha kuchungulia. Doa likabaki. Kesho yake lilikuwa limesogea.

Kulipima mahali lilipo ilikuwa kazi ya uvumilivu. Ndani ya kioo cha kuchungulia alikuwa ameweka nywele mbili za mkewe zilizopishana msalaba. Alikuwa anaielekeza darubini mbele kidogo ya njia, anaikaza isitikisike, kisha anaiacha mbingu itembee yenyewe. Nyota anayoijua ikikata unywele, anabonyeza saa yake ya kuhesabia sekunde. Doa likikata unywele, anabonyeza tena. Zile sekunde za katikati ndizo zinazosema doa liko umbali gani na nyota hiyo. Anarudia mara tano, anachukua wastani, anaandika kwenye daftari, mahali na wakati.

Na kuhusu huo wakati, kitabu kilikuwa kimesisitiza: usiandike saa ya kwenu. Andika saa ya dunia, moja kwa watu wote wanaotazama nyota popote walipo, inayohesabiwa kuanzia usiku wa manane na iko nyuma yetu kwa saa tatu. Saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, pale juu ya paa lake, kwa saa ya dunia ni mbili na dakika kumi. Basi Fundi akaandika 2.10, kavu hivyo hivyo, bila neno alfajiri wala usiku, kwa kuwa saa ya dunia haijui alfajiri ya mtu.

Alipata asubuhi tano ndani ya siku sita. Alitaka saba. Alijua watu wengi wametangaza nyota ya mkia kumbe ni wingu la nyota lililokuwepo siku zote, na yeye hakutaka kuwa kichekesho cha watu asiowajua. Jumamosi, Mwalimu alipokuja kula kwao mchana kama kawaida yake, Fundi alimwambia kwa maneno machache, kwa sauti ya chini, kana kwamba doa lingemsikia likakimbia.

"Nimeona kitu juu kule. Kinatembea. Nikipata siku saba utanisaidia barua, Kiingereza changu unakijua."

"Aa, shemeji, hilo nalo la kuniomba? Barua ni kazi ya dakika kumi. Siku saba zikifika niite."

Haya yalikuwa ya Jumamosi. Sasa ilikuwa Alhamisi. Mawingu yalikuwa yameziba siku mbili, asubuhi ya sita aliipata jana, na ya saba alikuwa bado anaisubiri.

Alimkuta mkewe uani, anaanika mashuka. Hakumsalimu. Alipita moja kwa moja hadi chumbani, akavuta droo. Daftari lilikuwepo. Lilikuwa limewekwa vizuri, limenyooka sambamba na ukingo wa droo. Yeye hulitupia humo ovyo, juu chini, siku zote.

"Mama watoto," akaita. "Nani kashika daftari langu?"

Mkewe akaja hadi mlangoni, kibanio cha nguo bado mkononi. Alilitazama daftari, akamtazama mume, akajua.

"Redio imesema?"

"Kumbe ulijua redio itasema."

"Alikuja Jumatatu, wewe uko dukani. Aliniambia mmekubaliana, anataka kuanza barua mapema. Akapiga picha kwa simu, kurasa tano hizo tu, akarudisha. Nilisimama hapa hapa."

"Mmekubaliana. Sawa. Na jina?"

Mkewe akawa anakifungua na kukifunga kile kibanio.

"Nakuuliza, na jina?"

"Alisema... Mzee, usinikasirikie. Alisema huko wanaangalia mtu kasoma wapi. Kwamba wakiona fundi wa miwani, asiye na cheti hata cha darasa la saba, barua wataitupa kabla ya kuifungua. Ndiyo akasema ni afadhali iende kwa jina lake, ya mwalimu wa fizikia, angalau itasomwa."

"Ukamjibu nini?"

Mkewe akageuka kutazama mashuka yake uani.

"Mama watoto, mdogo wako alipokwambia anachukua kitu changu anakiandika chake, wewe, uliyelala na mimi miaka ishirini na sita, ulimjibu nini?"

"Sikumjibu kitu."

"Ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

Fundi akakaa kitandani. Angekuwa ameambiwa kwamba mkewe alidanganywa, angekuwa na mtu mmoja wa kumkasirikia, na kazi ingekuwa nyepesi. Lakini mkewe hakudanganywa. Mkewe alipewa habari yote, akaipima, akaona ni kweli: kwamba mtu huyu anayelala ubavuni mwangu, wa pipa na msasa, si mtu ambaye barua yake itafunguliwa.

"Nilidhani la muhimu ni nyota ijulikane," mkewe akasema. "Wewe mwenyewe husemi kila siku hutaki makuu?"

"Kutotaka makuu ni kwangu mimi kusema. Si kwenu kunisemea."

Ijumaa akaenda shuleni. Alijiambia anakwenda kusikia kwa masikio yake, labda kuna maelezo. Mtu akishapigwa na wa nyumbani huwa anatafuta maelezo kwa bidii kuliko yule aliyempiga.

Chumba cha walimu kilikuwa kimejaa. Kulikuwa na soda mezani, na ubaoni mtu alikuwa amechora nyota yenye mkia mrefu, ukichungulia vizuri ilifanana zaidi na samaki. Mwalimu alikuwa katikati, koti la sherehe, miwani yake ikimetameta, jozi ile ya mwisho ambayo Fundi aliikata mwezi uliopita tu. Alipomwona Fundi mlangoni alisita, kitambo kama cha kupepesa jicho, kisha akafungua mikono.

"Shemeji! Njoo, njoo ndani! Jamani, huyu ndiye fundi wangu! Ile darubini mnayoisikia, mikono hii hapa ndiyo iliyoitengeneza. Bila yeye mimi ningekuwa natazama mbingu kwa macho makavu!"

Walimu wakapiga makofi. Mkuu wa shule akampa Fundi soda. Kilemba cha ukoka kikamkaa kichwani, akasimama nacho, chupa baridi mkononi, hana hili wala lile.

Mwalimu mmoja kijana, kwa nia njema kabisa, akamuuliza, "Na wewe mzee, umeshawahi kuchungulia humo?"

"Mara mojamoja," Fundi akasema.

Aliiweka soda chini bila kuifungua, akatoka. Mwalimu akamfuata kwenye ujia, akifunga mlango nyuma yake kwa uangalifu.

"Shemeji, najua unavyofikiri. Lakini nisikilize kwanza. Dunia ndivyo ilivyo, sikuiumba mimi. Nilitaka ipite mlangoni. Ikishapita, nakutaja."

"Unanitaja wapi?"

"Kwenye shukrani."

Fundi akamwangalia. Alikuwa anautafuta utani. Miaka yote maneno ya huyu mtu yalikuwa na utani pembeni, ukingoni mwa mdomo, na Fundi alikuwa anajua mahali pa kuuona. Safari hii haukuwepo. Alisema shukrani na alimaanisha shukrani, kama mtu anayetoa zawadi.

"Miwani inakaa vizuri?" Fundi akamuuliza.

"Ee? Vizuri. Vizuri sana."

"Haya."

Akaenda zake. Njiani watu watatu walimpa hongera.

Jumamosi jioni Fundi alikuwa dukani, anasaga ukingo wa kioo cha muuza mikate, mashine inalia kwa sauti ya mbu, ndipo Mwalimu alipoingia. Hakuwa na koti. Alikuwa na karatasi aliyoichapisha, imekunjwa mara nne, na sura ya mtu aliyekula kitu kilicholala.

"Shemeji, zima kidogo hiyo."

Fundi alimaliza kwanza ukingo. Kisha akazima.

"Wamejibu," Mwalimu akasema. "Kile kituo kinachopokea taarifa. Wanasema darubini tatu kubwa zimetafuta mahali nilipoonyesha, hazikuona kitu. Halafu wanasema..." Akaifungua karatasi, akasoma kwa kutafsiri, neno kwa neno. "Wanasema, katika saa ulizoandika, sehemu hiyo ya mbingu ilikuwa chini ya upeo, hapo ulipo. Isingewezekana kuonekana. Tunaomba maelezo na daftari la awali, la sivyo tutaifuta taarifa. Shemeji, sielewi. Nimenakili kila namba kama ilivyo. Nimekagua mara mbili."

"Lete."

Fundi akavuta taa ya mezani karibu, akaivaa miwani yake. Namba za mahali zilikuwa sawa. Aliteremka na kidole hadi safu ya saa. Pale alipokuwa ameandika 2.10, Mwalimu alikuwa ameandika nyingine kabisa, kumi na saba na dakika kumi. Alfajiri zote tano zilikuwa zimefanywa hivyo hivyo. Ilimchukua kama nusu dakika kuelewa, na alipoelewa aliivua miwani.

"Uliona mbili na dakika kumi."

"Ndiyo. Mbili na dakika kumi usiku. Nikaibadilisha kuwa saa ya dunia, ishirini kutoa tatu, kama wanavyotaka. Hilo nalijua, shemeji, mimi ni mwalimu wa fizikia."

"Hiyo ilikuwa saa ya dunia tayari."

Mwalimu akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Nilikuwa nimeshabadilisha mimi," Fundi akasema taratibu. "Siku ile ile, juu ya paa, kabla hata wino haujakauka. Niliiona saa kumi na moja alfajiri. Wewe umewaambia watu nimeiona, samahani, umeiona, baada ya chakula cha usiku. Nge hachomozi saa mbili, Mwalimu. Mwezi huu kichwa kinatoka saa tisa, mkia unafuata saa kumi. Saa mbili usiku yuko chini ya miguu yako amelala. Mtu aliyewahi kutoka nje hata siku moja angelijua hilo."

Ndiyo mara ya kwanza tangu harusi kumwita Mwalimu badala ya shemeji, na wote wawili walisikia.

"Sasa ningejuaje?" Mwalimu akasema, na sauti ikampanda. "Hukuandika alfajiri! Ningejuaje kwamba mtu kama wewe..."

Akaishia hapo.

"Malizia."

"Sikuwa na maana hiyo."

"Mtu kama mimi anaandika saa kama zinavyotajwa sokoni. Ndivyo ulivyofikiri. Uliniamini macho, uliniamini mikono, uliziamini hesabu zangu zote za sekunde ukazisaini kwa jina lako. Kitu kimoja tu hukukiamini, kwamba naweza kujua saa."

Nje, jirani wa vitambaa alikuwa anateremsha mlango wake wa chuma kwa kishindo. Mwalimu akasubiri kishindo kiishe. Kisha akavuta stuli, akakaa, akamshika Fundi magotini, kwa mikono miwili.

"Nimekosa. Sawa? Nimekosa, nipige. Lakini sasa hivi tusigombane. Nge, sijui nini, wewe unajua, inazidi kusogea kwa jua, si ndiyo? Zimebaki siku ngapi?"

"Nne. Tano, mbingu ikiwa safi. Baada ya hapo mwanga wa asubuhi unaimeza."

"Basi nipe saa za kweli. Niwaandikie usiku huu. Nitaweka majina yetu yote mawili, naapa."

Fundi akakiokota kioo cha muuza mikate, akakifuta. Alikuwa anajua kwamba akinyamaza siku nne, basi. Taarifa itafutwa. Redio itaona haya. Mwalimu atapita mitaani na watoto wake wa shule watamuuliza nyota iko wapi. Hatakuwa na haja ya kuinua hata mkono. Na doa lile litaingia kwenye mwanga wa jua bila mtu kujua lilikuwepo, labda lisirudi tena katika umri wa mtu yeyote aliye hai.

Alilitamani jambo hilo. Alilitamani kwa dakika nzima, kama mtu anavyotamani kujikuna mahali pabaya.

"Nenda nyumbani, Mwalimu," akasema. "Acha hiyo karatasi hapo."

"Kwa hiyo utanipa?"

"Acha karatasi."

Usiku ule hakulala sana, na kilichomkosesha usingizi hakikuwa alichokitarajia. Alikuwa anaziwaza zile darubini tatu kubwa, na watu wazima wenye elimu zao waliokesha wakitafuta mahali ambapo haipo, maana kitu kinachotembea ukikikosea saa umekikosea na mahali. Nyota ile ilikuwa inaita kushoto, wao wametumwa kulia. Hilo lilimuuma kama kumwona kipofu akielekezwa njia kwa makusudi kwenye mtaro. Unaweza kumchukia aliyemwelekeza, lakini kipofu humwachi aanguke.

Alfajiri akapanda, akapata kipimo cha nane, maana cha saba alikuwa amekipata asubuhi iliyotangulia. Saa mbili asubuhi, saa mbili hii yetu, alikuwa mlangoni mwa duka la kuchapa na kutuma barua pepe, binti wa dukani bado anafagia.

"Nikuchapie, mzee?"

"Nionyeshe tu mahali pa kubonyeza. Nitachapa mwenyewe."

Ilimchukua saa moja na nusu, kidole kimoja, kamusi pajani, karatasi ya Mwalimu yenye anwani pembeni. Aliandika kwamba saa za barua ya kwanza zina makosa, aliyeituma hakuwa ametazama, aliyetazama ni mimi, na saa za kweli ni hizi. Akapanga asubuhi nane, namba kwa namba. Hakueleza mengine. Kiingereza cha kueleza mengine hakuwa nacho, na angekuwa nacho asingekipoteza kwa hilo. Chini akaandika jina lake kamili, ambalo hakuna mteja wake hata mmoja aliyekuwa analijua.

Jibu lilikuja Jumanne. Binti wa duka la kuchapa alimtumia mtu amwite. Lilikuwa fupi, na la adabu. Walimshukuru. Vipimo vyake vilikuwa vizuri, vimesaidia kuikokotoa njia ya nyota hiyo. Ila nyota yenyewe ilikuwa imeripotiwa Ijumaa na mtazamaji mwingine, ng'ambo ya pili ya dunia, aliyekuwa na picha. Kwa kanuni, itaitwa kwa jina la huyo.

Fundi alihesabu kwa vidole pale pale, mbele ya binti. Barua ya Mwalimu iliondoka Jumatatu. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Siku nne. Kama ingekuwa na saa za kweli, hata kwa jina la mwizi, nyota ingekuwa imetoka kwenye paa lile.

"Habari mbaya, mzee?"

"Hapana. Wameiona."

Jioni Mwalimu alikuwa amefika kabla yake, amekaa mezani pake, habari anazo, kituo kilikuwa kimemwandikia na yeye. Alionekana amepona. Alisimama, akampa mkono.

"Basi, shemeji. Tumekosa wote wawili. Maji yamemwagika, hatudaiani. Au sio, dada?"

Mkewe alikuwa anapakua chakula. Hakuinua uso. "Mzee, kaa ule," akasema. "Mdogo wangu amekuja kuomba radhi."

"Ameomba?"

"Si ndiyo hiyo."

Fundi aliwatazama wote wawili, pua zile zile, paji lile lile la uso. Walikuwa wanamsubiri acheke. Kulikuwa na nafasi ya utani pale, aliiona, imeachwa wazi kama kiti, kitu juu ya bomba na choo kingetosha, wangecheka wote na mambo yangeendelea.

"Nimeshiba," akasema, akaenda kulala.

Asubuhi ya Jumatano ilikuwa ya mwisho, hesabu zilisema hivyo. Alipanda mapema. Nge alikuwa amesimama wima, ametakata, na upande wa mashariki ukingo wa mbingu ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu. Ilimbidi aiteremshe darubini hadi karibu iguse ukuta wa paa. Akalitafuta doa. Akalipata. Lilikuwa limekua, limekuwa na mkia mfupi ulioelekea juu, mbali na jua, mweupe, kama uzi uliofumuka.

Akasikia ngazi. Mkewe hakuwahi kupanda pale hata mara moja, alikuwa anaogopa kimo. Sasa alikuwa anakuja, kikanga begani, ameshika ukuta kwa mikono yote miwili, anatafuta kila kidaraja kwa unyayo kabla ya kukikanyaga. Alifika juu anahema. Akasimama mbali kidogo na darubini, kama mgeni ofisini.

"Mzee."

"Mm."

"Nimekuja nione na mimi." Akasubiri. "Bado ipo?"

Fundi alikuwa ameinama, jicho kiooni. Doa lilikuwa katikati kabisa, linausogelea unywele.

Akainuka, akajinyoosha mgongo, akamtazama mkewe usoni kwenye ule mwanga hafifu.

"Imeshazama kwenye mwanga," akamwambia. "Umechelewa kidogo."

"Aa." Mkewe akatazama mashariki, mahali ambapo si penyewe. "Hata kidogo tu?"

"Haipo."

Alibaki pale muda, amejikunja kwa baridi. Kisha akasema atakwenda kuinjika chai, akaanza kuteremka kinyumenyume, polepole, na Fundi hakwenda kumshika mkono. Alingoja mpaka aliposikia mlango wa chini umefungwa. Ndipo akainama tena, akapata nyota anayoijua, akaweka kidole juu ya kibonyezo, akaanza kuhesabu.